Kwa dada muuguzi aliyeuliza mbona korona haimtoki moyoni

Dada, umesema umeshapata likizo, umehamishiwa wadi ya watoto, na bado ukisikia mtungi wa oksijeni ukiburutwa moyo unakupasuka. Wenzako wanakwambia ni uchovu. Mimi ni muuguzi hapa Malindi, na niliambiwa hivyo hivyo miaka miwili nikaamini.

Uchovu ukilala unapungua. Hili halipungui. Daktari wa akili Jonathan Shay aliliona miaka ya 1990 kwa askari wa Marekani waliopigana Vietnam: wengi hawakuumwa na hofu, waliumwa na haki iliyovunjwa na wakubwa wao. Waliomfuata wakaongeza na yale mtu aliyoyatenda mwenyewe, au aliyoshindwa kuyazuia, hali dhamira yake inakataa. Mimi naliita jeraha la dhamira.

Langu ni leso. Mwaka 2020 Kilifi imefungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Binti wa mgonjwa akaja mlangoni na leso ya mamake, kuukuu, imepauka pindoni. "Dada, mfunike nayo tu." Amri ilikuwa kitu cha nyumbani hakiingii wadini. Nikaitia mfukoni mwa plastiki, nikaiweka chini ya meza. Bi mkubwa alikata roho kabla ya alfajiri, na wanawe hawakumwosha. Hakuna aliyenilaumu, maana nilifuata amri neno kwa neno. Hapo ndipo palipouma. Na watu wakituita mashujaa nilitamani nijifiche.

Semina ya kuvuta pumzi haikunifaa, ingawa najua iliwafaa wengine. Kilichonifungua ni kukaa barazani na wenzangu wawili wa zamu ile, kahawa na kaimati, kila mtu akataja lake. Tulikatazana neno moja: "Ungefanyaje sasa?" Linasemwa kwa huruma, lakini linamziba mtu mdomo. Mshauri nasaha nilimwendea baadaye, nikiwa tayari najua la kumwambia. Ila wewe ukianza kuona heri ufe, tafadhali dada, usingoje baraza. Nenda kwake leo, na usiende peke yako.

Leso niliipeleka baada ya miezi minane. Sikuifua. Nilimwambia yule binti kweli, kwamba haikumfikia mamake. Alinyamaza kitambo, ameishika kwa mikono miwili, kisha akasogea mlangoni nipite.