Sumaku huwezaje kunasa atomu za sodiamu?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Mikindani, Mtwara. Nimesoma kwamba wanasayansi hupunguza mwendo wa atomu za sodiamu na kuzinasa kwa sumaku. Yawezekanaje, ilhali sumaku haivuti sodiamu kama inavyovuta msumari?

JIBU: Sodiamu hiyo ndiyo iliyomo katika chumvi ya mashamba yetu ya Lindi na Mtwara. Ukirusha chumvi motoni, mwali hugeuka manjano, na manjano hiyo ni rangi ya mwanga ambao atomu ya sodiamu huutoa na pia huumeza. Nasisitiza jambo hilo kwa sababu kinachopunguza mwendo ni mwanga, si sumaku. Atomu zitokazo katika tanuri hukimbia karibu mita 1,000 kwa sekunde, na leza ya manjano huelekezwa kuzikabili. Lakini kila fotoni (chembe ya mwanga) inayomezwa hupunguza kasi kwa sentimita 3 tu kwa sekunde, hivyo huhitajika fotoni makumi ya maelfu. Tena, kadiri atomu inavyopungua kasi ndivyo rangi ya leza inavyoonekana kwake kuwa tofauti, hata ikaacha kuimeza. Mwaka 1982 William Phillips na Harold Metcalf wa Marekani walionyesha dawa yake: atomu hupitishwa ndani ya koili ndefu (waya uliozungushwa mara nyingi na kupitishwa umeme) ambayo uga wake wa sumaku, yaani eneo la nguvu yake, hudhoofika hatua kwa hatua, ukirekebisha rangi ambayo atomu huweza kumeza ili ilingane na leza safari nzima.

Katika kunasa, sumaku hufanya kazi yenyewe. Atomu ya sodiamu ina elektroni moja ya nje isiyo na mwenzi, kwa hiyo kila atomu ni sumaku ndogo mno. Koili mbili zinazotazamana, zenye mikondo inayozunguka kinyume, huunda uga ulio sifuri katikati na unaozidi kila upande, na atomu ambazo sumaku yake imeelekea kinyume na uga husukumwa kurudi katikati. Usiufikirie mtego huu kama dema, kwa maana hauna kuta. Atomu ikigusa ukuta hupata joto papo hapo, ndiyo maana zinaelea katika ombwe, mahali palipoondolewa hewa. Phillips na wenzake waliufanikisha mtego huo mwaka 1985, baada ya kuzipunguza mwendo kwanza, kwani mtego huu ni dhaifu sana na hauzuii atomu yenye kasi.

Penye sifuri, hata hivyo, atomu huweza kupoteza mwelekeo wa sumaku yake na kutoroka. Wanafizikia Eric Cornell na Carl Wieman waliliziba tundu hilo kwa uga wa ziada unaozunguka, na mwaka 1995 wakazipoza atomu za rubidi kufikia hali ambamo maelfu yake hutenda kama kitu kimoja.