Creedmoor au Magnum kwa mwaliko wa Namibia

Ndugu yangu wa Malindi, umealikwa kuwinda Namibia na hujaamua kati ya bunduki ya risasi za 6.5 Creedmoor na ile ya .300 Winchester Magnum, yenye nguvu zaidi. Kwa swala aliye umbali wa mita 300 chukua Creedmoor: teke lake begani ni dogo, hutafumba macho ukifyatua.

Dukani, pitisha karatasi kati ya mtutu na kitako. Ikikwama, usiinunue bunduki hiyo, kitako cha mbao kikivimba kwa unyevu kitausukuma mtutu na shabaha itahama. Tafuta chuma kisichoshika kutu, hewa yetu ya chumvi hula chuma upesi mno.

Jaribu risasi 3 kwa mita 100. Zikitawanyika kupita sentimita 3, badilisha kwanza aina ya risasi.

Kenya uwindaji ni marufuku tangu 1977, na leseni ya silaha hutangulia ununuzi. Tafadhali, usikiuke hilo.