Nimenakili ISO kwenye flashi, mbona kompyuta haiwaki nayo?

SWALI: Kompyuta yangu hukwama kabla ya kufika kwenye Windows, na nyaraka zangu zote zimo humo. Nilishauriwa niiwashe kwa flashi, basi kwa kompyuta nyingine nikapakua faili la ISO (faili moja lililobeba nakala ya diski nzima) la Ubuntu, mfumo endeshi kama Windows, nikalinakili kwenye flashi ya GB 16 na kuichomeka, lakini hakuna kilichobadilika. Je, flashi ni mbovu?

JIBU: Yaelekea flashi yako ni nzima, kilichokosewa ni namna ya kulihamisha faili. Kompyuta inapowashwa, kazi huanzwa na programu iliyo kwenye ubao mama, yaani BIOS katika mashine za zamani na UEFI katika za sasa, nayo haijui kufungua ISO. UEFI hutafuta kwenye flashi sehemu yenye muundo wa FAT32, na ndani yake faili la kuanzishia, ambalo kwa kompyuta nyingi za biti 64 huitwa BOOTX64.EFI na hukaa katika folda ya EFI, kwenye folda ndogo ya BOOT. Faili hilo limo ndani ya ISO yako, ila ukiinakili ISO kama unavyonakili picha, hubaki limefungiwa humo.

Rudi kwenye ile kompyuta nzima uiandike flashi upya kwa programu kama Rufus au balenaEtcher, ukikumbuka kwamba yote yaliyomo kwenye flashi yatafutwa. Kisha ichomeke kwenye mashine yenye hitilafu, iwashe, na papo hapo bonyeza mfululizo kitufe cha menyu ya kuwashia, ambacho ni F12 katika Dell na Lenovo nyingi na F9 katika HP nyingi, kisha uchague flashi yako. Napendelea menyu hiyo kuliko kubadilisha mipangilio ya UEFI, kwa kuwa chaguo lake ni la mara hiyo moja tu.

Wengi watakuambia uzime kwanza Secure Boot, kinga ya UEFI inayozuia programu za kuanzishia zisizoaminika. Usiharakishe: Ubuntu huikubali kinga hiyo tangu toleo la 12.10 la mwaka 2012, na kuizima kwaweza kuifanya Windows iliyofungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la Windows la kusimba diski, ikudai ufunguo wa tarakimu 48.

Ubuntu ikifunguka, nakusihi uchague kuijaribu, wala si kuisakinisha, maana kusakinisha kwaweza kufuta nyaraka hizo hizo unazozitafuta. Ukiijaribu tu, mfumo huendeshwa kutoka kwenye flashi na kumbukumbu ya RAM, na diski ya ndani haiguswi mpaka uifungue mwenyewe. Ifungue, unakili nyaraka zako kwenye diski nyingine ya nje, ukianza na zile usizoweza kuzipata kwingine. Ikiwa Windows haikuzimwa kikamilifu, huenda diski hiyo ikakubali kusomwa tu bila kuandikwa. Hilo lisikutishe, kwani kwa kunakili, kusoma kunatosha.