Mshale wa joto hautulii kwenye Defender 300Tdi: nianzie wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Land Rover Defender 110 ya mwaka 1997, injini 300Tdi, nabebea watalii hapa Karatu. Tangu rejeta itolewe ikazibwe tundu, mshale wa joto hautulii. Nikipanda kutoka Mto wa Mbu unakimbilia karibu na nyekundu, nikifika juu unaporomoka ghafla, halafu unapanda tena. Kwenye mteremko unashuka mpaka chini. Maji yanapungua kidogo, si sana. Fundi mmoja anataka tutoe thamostati (vali inayofunguka na kufunga kwa joto la maji), mwingine anasema hedi (kichwa cha injini, juu ya silinda) imeshakufa. Nimsikilize nani?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao, maana hakuna aliyepima kitu.

Tuanze na huo mshale. Bloku ya injini yako ni chuma kizito kilichojaa maji ya moto, na chuma hicho hakiwezi kupoa ghafla kwa muda wa kukata kona moja. Mshale ukipanda taratibu na kushuka taratibu, hilo ni joto la kweli. Ukiruka, basi ama sensa ya joto imeguswa na hewa au mvuke badala ya maji, ama kuna hitilafu ya umeme.

Umeme ndio rahisi kuupima, kwa hiyo uanze nao. Nyuma ya dashibodi ya Defender za miaka hiyo kuna kidhibiti kidogo kinachoshusha umeme wa betri kuwa kama volti 10, na ndicho kinacholisha geji ya joto na ya mafuta kwa pamoja. Safari ijayo, mshale wa joto ukiruka, tazama papo hapo wa dizeli. Ikiruka yote miwili, shughulika na kidhibiti hicho na athi yake (waya unaokiunganisha na bodi) kabla hujagusa injini. Ukiruka wa joto peke yake, angalia waya wa sensa kama umelegea au umeota kutu, kisha uhamie kwenye maji.

Mimi nashuku hewa, kwa sababu ya neno lako moja: "tangu". Tatizo limeanza baada ya rejeta kutolewa, na 300Tdi ni injini inayoshika hewa kwa urahisi sana. Kujaza maji kwenye kitenki cha akiba na kufunga hakutoshi. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, egesha gari pua ikielekea mlimani. Fungua kizibo cha juu ya rejeta na kile cha juu ya nyumba ya thamostati. Jaza kulanti (maji ya kupozea injini) kupitia kitenki polepole mpaka rejeta ijae, funga kizibo chake, kisha mimina kwenye tundu la thamostati hadi ifurike, nalo ulifunge. Vizibo vya plastiki huvunjika vikikazwa kwa nguvu, kwa hiyo usivikamie. Washa injini, fungua hita iwe ya moto kabisa, iache ipate joto. Mshale ukiwa juu huku hita inatoa ubaridi, bado kuna hewa ndani, au maji hayatoshi.

Wakati huohuo badilisha kifuniko cha kitenki. Watu wa nyanda za juu hukidharau, na kwenu ndiko kina kazi kubwa kuliko Dar es Salaam. Ukingo wa Ngorongoro uko kama mita 2,300 juu ya bahari, na maji yaliyo wazi huchemka huko kwenye nyuzi 92 hivi. Thamostati yako huanza kufunguka kwenye 88. Kifuniko kizima hushika shinikizo la karibu baa 1, ndipo maji yanavumilia zaidi ya nyuzi 110. Kikichoka, unabaki na nyuzi 4 tu kati ya joto la kawaida na mchemko. Mvuke utaipiga sensa na mshale utarukaruka hata kama hedi ni nzima.

Thamostati usiitoe, tafadhali. Injini hii ina njia fupi ya maji inayorudi kwenye pampu. Ukiondoa thamostati, sehemu ya maji ya moto itazunguka humo bila kupita kwenye rejeta, kwa hiyo mlimani utachemsha na mteremkoni utapoza kupita kiasi. Dizeli kupoa kidogo kwenye mteremko ni kawaida, lakini kushuka mpaka chini kunanifanya niulize kama hiyo iliyomo inafunga, au kama kuna mtu alishaitoa zamani. Ichomoe, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uone inafunguka kwenye nyuzi ngapi, na ikipoa inafunga sawasawa.

Feni nayo uijaribu: injini ikiwa moto na IMEZIMWA, izungushe kwa mkono. Ikizunguka bure bila ukinzani, klachi yake (inayoikamata feni injini ikipata moto) imechoka.

Hedi ni ya aluminiamu na ikichemshwa hupinda, kwa hiyo hofu ya fundi wako wa pili si ya bure. Lakini ina dalili zake. Washa injini iliyolala baridi na ushike mpira wa juu wa rejeta. Ukikakamaa ndani ya dakika chache kabla maji hayajapata joto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Dalili nyingine ni kifuniko kupumua kwa nguvu asubuhi baada ya gari kulala usiku kucha. Ukiona hivyo, tafuta gereji yenye kipimo cha gesi, kile cha kimiminika kinachobadilika rangi. Kikithibitisha, hedi ishuke na ipimwe unyoofu kwenye mashine kabla ya kununua gasketi.

Mpaka umalize vipimo hivi, usipandishe wageni na gari hilo. Na likichemka njiani, usifungue kifuniko likiwa moto wala usimwagie injini maji baridi.