Mama mkubwa anahitaji kulelewa: tuangalie nini?

SWALI: Shikamooni. Mama mkubwa alipata kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu. Watoto tumetawanyika. Hapa Tabora mjini tumeelekezwa nyumba ya mtu binafsi inayolea wazee sita. Tuangalie nini kabla ya kumpeleka?

JIBU: Marahaba. Anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa, mjue kama nyumba hiyo imesajiliwa. Kisha nendeni wenyewe mara mbili, ya pili usiku bila taarifa. Ulizeni nani hukesha. Mlezi aliyelala chumba cha nyuma hatasikia mzee akianguka.

Zito kuliko yote ni kugeuzwa. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi iliyogandamizwa hukosa damu na vidonda huanza nyongani, mwisho wa uti wa mgongo na visiginoni. Ombeni daftari la kugeuza. Likiwa na mwandiko mmoja na kalamu ileile wiki nzima, tilieni shaka. Kwenye ngozi nyeusi dalili ya kwanza si wekundu: ni doa jeusi zaidi, lenye joto au gumu.

Tazameni pia chakula. Wengi hupaliwa baada ya kiharusi, hivyo alishwe ameketi wima, kidogokidogo, na asilazwe kwa nusu saa. Chooni, mshikio uwe kushoto, upande wake wenye nguvu.

Mkataba utaje ada, na nani analipia nepi, dawa za presha na usafiri wa hospitali.