Daftari la Mlangoni

Swali: Kwenye kituo chetu cha kulelea watoto Igoma, Mwanza, daftari la watoto linakaa mlangoni, picha tunarusha grupu la WhatsApp la wazazi. Mmoja kalalamika. Tumekosea wapi?

Jibu: Daftari ndilo baya zaidi. Anayesaini asubuhi anasoma namba za simu za wenzake na nani anadaiwa ada. Mlangoni ibaki karatasi ya jina la kwanza na saa. Mzio, dawa na wanaoruhusiwa kumchukua mtoto viingie kwenye faili lake, kabatini, kwa kufuli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti: chukueni ridhaa ya maandishi. Picha, kila mzazi atumiwe ya mwanawe. Na fomu za zamani zichomwe, zisije zikafungia karanga sokoni.