Longitudo Kwanza: Nilivyorahisisha Maulizo ya Mahali Kwenye MongoDB

Nilipoanza kutengeneza programu ya kuwaonyesha wakulima wa Moshi na Arusha duka la pembejeo lililo karibu nao, nikihifadhi data kwenye MongoDB, kanzidata ambayo kila rekodi yake huitwa hati, mkulima wa Kibosho alibonyeza kitufe cha kutafuta akajibiwa kwamba hakuna duka lolote, ilhali maduka yalikuwa yamesajiliwa na mojawapo angelifikia kwa miguu. Nilichukua hati ya duka la Moshi mjini, nikaiweka kwenye ramani, na alama ikaangukia kusini mwa Hispania, katika jimbo la Granada. Duka la Arusha mjini lilikuwa baharini, karibu na pwani ya nchi hiyo hiyo.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeandika latitudo kwanza, kama tulivyozoea tangu shuleni na kama ramani za simu zinavyoonyesha, wakati GeoJSON, muundo wa kuandika mahali ambao MongoDB huutumia, unataka longitudo itangulie. Moshi ipo kwenye longitudo 37.34 na latitudo -3.35; ukizigeuza namba hizo, kanzidata haitalalamika, kwa sababu latitudo yoyote isiyozidi 90 ni halali. Mwenzetu wa Tokyo, ambako longitudo inakaribia 140, angekataliwa papo hapo na kulijua kosa siku ya kwanza. Sisi wa huku hatuna kinga hiyo, na ndiyo maana nasisitiza: andika kitendaji (kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja) kimoja tu cha kuunda nukta ya mahali, kipokee latitudo na longitudo kwa majina yake, na kikatae chochote kilicho nje ya Tanzania, yaani longitudo isiyo kati ya 29 na 41 au latitudo isiyo kati ya -12 na 0.

Baada ya hapo nilipunguza vitu. Kila hati ilikuwa na sehemu tatu zinazoeleza mahali pale pale, pamoja na indeksi mbili, yaani orodha ambazo kanzidata huzitumia kutafuta haraka: ya zamani iitwayo 2d, inayopima kana kwamba dunia ni bapa, na 2dsphere, iliyokuja na toleo la 2.4 mwaka 2013, inayopima juu ya tufe. Nilibakiza sehemu moja, «mahali», na indeksi moja ya 2dsphere. Kila indeksi ya ziada huongeza kazi wakati wa kuandika, na zikiwapo zaidi ya moja za mahali za aina ile ile, hatua ya kutafuta vilivyo karibu iitwayo $geoNear hukulazimisha kutaja unayotaka itumike.

Kwenye maulizo, yaani maombi ya kutafuta data, jiulize kwanza mtumiaji anataka nini. Anayetaka kilicho karibu apewe $near: hupanga majibu kuanzia la karibu zaidi na, kwa nukta za GeoJSON, hupokea kikomo kwa mita, hivyo 5000 ni kilomita tano. Anayetaka vilivyomo ndani ya kata fulani apewe $geoWithin, ambayo haipangi kwa umbali. Hapa pana jambo linalohitaji uangalifu: $near bila indeksi hukataa kufanya kazi, lakini $geoWithin huendelea kwa kupitia hati zote moja baada ya nyingine, kwa hiyo indeksi ikisahaulika hutajua mpaka data iwe nyingi na majibu yaanze kuchelewa. Ukitumia duara la $centerSphere, nusu kipenyo hutolewa kwa radiani, ambacho ni kipimo cha pembe. Gawanya kilomita kwa 6378.1, nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita, na hesabu hiyo ikae mahali pamoja tu kwenye msimbo.

Kanzidata hupima mstari ulionyooka. Kwa mkulima wa Arusha mjini tofauti si kubwa sana, lakini miteremko ya Kilimanjaro imekatwa na makorongo, na njia nyingi hupanda na kushuka kufuata migongo ya ardhi. Duka lililo kilomita mbili ng'ambo ya korongo linaweza kumlazimu mtu ateremke hadi barabara kuu ndipo apande tena. Nilitamani kulibebesha ulizo lenyewe suala hilo, nikaona linageuka msitu usiosomeka. Sasa $near hutuletea maduka kumi ya kwanza kwa mstari ulionyooka, kisha programu hupima umbali wa barabara kwa hayo kumi tu na kuyapanga upya kabla mkulima hajayaona.